Mji mkuu wa kubuni kando ya mto: uwekwe wapi ili msomaji aamini?

Kasia Mbili (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nina riwaya nimeifikisha katikati. Nchi yake ni ya kubuni, naiita Utamba, mto wake Lwanje, mji mkuu wake Mwambi. Vita, fitina na mapenzi nimeshavipanga. Kabla sijaendelea nataka mji wenyewe nimalizane nao, maana hadithi nyingi za namna hii zinaweka mji mkuu mtoni kwa sababu mto unapendeza tu. Ikulu inatazama maji, kuna daraja, jua linazama, basi. Ukimwuliza mwandishi kwa nini mji uko hapo na si mwendo wa siku tatu juu yake, anakukodolea macho.

Wasifu wa Mwambi ndio huu, mnisaidie kuupiga msasa.

Lwanje unatoka nyanda za juu, unafika katikati ya nchi unatulia, na kwa wiki tatu mtumbwi unateremka bila shida. Halafu unakutana na miamba, na kutoka hapo mpaka baharini ni maporomoko juu ya maporomoko. Mwambi uko juu kidogo ya mwamba wa kwanza, pale maji yanapoanza kukoroma. Hakuna chombo kinachopita hapo. Chochote kilichotoka bara, iwe pembe, chumvi, mkaa au samaki wa moshi, kitashuka mtumbwini, kitalala usiku mmoja au kumi, kitasubiri mpagazi. Penye mzigo unaosubiri hujengwa ghala. Ghala linataka mlinzi, mlinzi ana bwana wake, na huyo bwana ndiye wajukuu zake wanajiita wafalme.

Hapo ndipo ninaposimamia katika uzi huu: mji mkuu wa mtoni huzaliwa pale mto unapogoma. Mto unaopitika kutoka chanzo hadi baharini haukupi sababu ya kusimama popote.

Mfano niliouiga mnaujua. Kinshasa na Brazzaville ziko kwenye bwawa la Malebo, mahali mto Kongo unapotanuka na kupoa kabla ya kuanguka kwenye maporomoko ya Livingstone. Chini yake, hadi Matadi, hakuna meli. Juu yake unasafiri kwa maji takribani kilomita 1,700 mpaka Kisangani. Kwa hiyo hata kabla Stanley, mtu wa mfalme wa Ubelgiji, hajafika, pale palikuwa na masoko ya Wateke: Kintamo, Kinshasa, na Mfwa upande wa pili. Wabobangi waliteremsha pembe kwa mitumbwi, Wateke wakawa madalali, na misafara ya wapagazi ikachukua mzigo kwa miguu kuelekea pwani. Stanley alipoweka kituo mwaka 1881 na kukiita Léopoldville (ndiyo Kinshasa ya leo), alikuta biashara imeshachagua mahali zamani.

Na boti zake za mvuke alizipandishaje? Zilifunguliwa vipande vipande, zikabebwa na watu kupita milimani, zikaungwa tena juu. Mpaka reli ya Matadi ilipokamilika mwaka 1898, baada ya miaka minane ya kazi iliyoua vibarua wengi, mzigo ulipita kwenye vichwa na mabega ya watu. Serikali ya kikoloni ilikaa Boma, karibu na bahari, ikisikilizia. Miaka ya 1920 ikanyoosha mikono na kuhamia Léopoldville.

Karibuni. Msinionee huruma.

Mchele Mpya

Ngoja nivute kigoda. Nyuzi za hivi zimeadimika, siku hizi humu ni siasa na mikeka tu.

Bin Safari

Mkuu, nakubali nusu. Khartoum na Cairo hazina maporomoko pale, na ni miji mikuu ya mtoni kuliko hata hiyo Kinshasa yako. Hapo kanuni yako inakufa au inapona?

Kasia Mbili

Bin Safari, inapona, ila kizuizi kinabadilika sura.

Tuanze na Cairo. Nile ikifika pale inakaribia kuchanua matawi ya delta. Msafiri wa nchi kavu anayetoka Sham kwenda magharibi akishuka chini zaidi atavuka tawi, kisha tawi, kisha mfereji, kisha tope. Pale juu anavuka mto mmoja, tena una kisiwa cha Roda katikati. Warumi waliweka ngome yao hapo, wakaiita Babylon. Jeshi la Amr ibn al-As likaanzisha Fustat jirani na ngome hiyo mwaka 641, Wafatimi wakajenga al-Qahira kaskazini yake mwaka 969. Wote walikuwa wanakalia kivuko kile kile. Kwa hiyo aliyegomewa pale ni mwenye ngamia, mwenye jahazi alikuwa anapita zake.

Kitu cha Cairo ninachokiiba kwa ajili ya Mwambi ni kipimo cha maji cha Roda, kilichojengwa mwaka 861. Ni shimo refu lililojengwa kwa mawe, unateremka kwa ngazi, na katikati imesimama nguzo ya marumaru yenye pande nane iliyochongwa alama za dhiraa. Maji ya mto yanaingia chini kwa njia zake, yanapanda kwenye nguzo, na mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo anasoma. Dhiraa 16 ni neema: mfereji unafunguliwa kwa sherehe na kodi ya ardhi inatozwa kwa ukamilifu. Yasipofika, njaa inanukia. Yakizidi mno, nyumba zinakwenda.

Sasa sikieni utamu wake. Khalifa al-Mu'izz wa Wafatimi alikataza kimo cha maji kisitangazwe hadharani mpaka kifike dhiraa 16. Maana watu wakisikia mto unasuasua, wenye nafaka wanafungia maghala, bei inapaa, na njaa inaingia hata kabla mto haujaamua. Mimi hapo nimeshapata mhusika: msoma nguzo wa Mwambi, mzee mwenye mke mgonjwa na deni, anaitwa usiku ikulu aambiwe kesho aongeze vidole viwili kwenye hesabu.

Bin Safari

Hapo umeniweza. Mhusika huyo usimwue mapema, nakuomba.

Kasia Mbili

Hafi mapema. Nirudi Khartoum. Pale ilikuwa kambi ya jeshi la Misri, mwaka 1821, kwenye kona ambapo Nile ya Bluu inakutana na Nile Nyeupe. Anayekaa kona ile anaona kila chombo kinachotoka pande zote mbili. Kwa ulinzi pia ilionekana imepatikana: maji kaskazini, maji magharibi, unachimba handaki upande wa kusini, umemaliza. Tatizo ni kwamba mto haukai kimo kimoja mwaka mzima. Mahdi, kiongozi wa dini aliyewaasi Wamisri, alipoizingira, maji ya Nile Nyeupe yalipungua, na mwisho wa handaki upande wa magharibi ukabaki uwazi wa matope. Ansari, wafuasi wake, waliingia kupitia hapo alfajiri ya 26 Januari 1885, na Gordon, jenerali Mwingereza aliyeulinda mji, akauawa. Baada yake mji mkuu ukawa Omdurman, ng'ambo ya pili, mpaka 1898.

Nikichora ukuta wa Mwambi nitauchora mara mbili kwenye ramani: ukuta wa masika na ukuta wa kiangazi. Mwandishi wa vita anayesahau majira ya mto anajinyima silaha bora aliyonayo.

Dereva wa Nimule

Nimekaa Juba miaka, naendesha gari la mzigo kutoka Mombasa. Uzi huu umenigusa kwa sababu sikuwahi kujiuliza kwa nini Juba iko pale ilipo.

Boti zinazotoka kaskazini, Malakal huko, mwisho wake ni Juba. Ukipanda juu kuelekea Nimule, mpakani na Uganda, mto unaingia kwenye miamba, maji meupe, hakuna boti. Sisi wa malori tunaingia kutoka kusini kupitia hapo hapo Nimule, na unga na saruji na bia za Uganda. Kwa hiyo gatini unakuta mtu wa boti anaongea Kiarabu cha Juba, mtu wa lori anaongea Kiswahili, wanaelewana kwenye bei tu. Mzigo uliokuja kwa lami unapanda boti kwenda kwenye miji ambayo masika hakuna gari inayofika.

Ushauri wangu kwako mwandishi: Mwambi isiwe na lugha moja. Pale mzigo unapobadilisha chombo, lugha nayo inabadilika. Wachukuzi ndio wanajua zote, na hao ndio wanajua siri zote za mji. Mfalme hajui kitu.

Kasia Mbili

Dereva, hiyo ya wachukuzi naichukua nzima nzima bila kulipa.

Mama Utete

Wanangu, mnaongea mto kama watu wa ghorofani. Mimi nimezaliwa bonde la Rufiji.

Kwanza, mafuriko si adui kama mnavyoandika kwenye magazeti. Kwetu maji yakipanda yanaleta rutuba, yakishuka tunapanda mlao kwenye unyevu ule ule, mahindi na kunde vinatoka bila mvua. Shambani mtu anajenga dungu, kibanda cha juu ya miti, analala humo kulinda mazao, ngiri na viboko wasimalize kila kitu. Serikali ilituhamisha mabondeni mwishoni mwa miaka ya sitini, ikatupandisha juu kwa usalama wetu, lakini mashamba yalibaki kule kule chini, na watu waliendelea kushuka kulima. Ukisema mwenye akili anakimbia mto, humjui mkulima.

Pili, yapo maji ya kupanda taratibu na yapo maji ya kuvamia. Aprili 2024 yalivamia. Hayo hayaleti rutuba, yanaleta kilio.

Sasa hiyo Mwambi yako. Ikulu iko juu kwenye mwamba, sawa, wakubwa siku zote wanakaa juu. Waliokaa chini ni akina nani? Usiniambie ni maskini waliokosa pa kwenda. Wengine wamekaa chini kwa sababu chini ndiko kwenye mlao, kwenye kambale, kwenye udongo wa kufinyangia. Wakihamishwa juu wanakuwa maskini siku hiyo hiyo.

Kasia Mbili

Shikamoo Mama. Nimesoma mara mbili. Mtaa wa chini wa Mwambi nilikuwa nimeuandika kama mahali pa kuonewa huruma. Sasa utakuwa mtaa unaolisha mji, na fitina kubwa ya kitabu itakuwa amri ya kuwahamisha "kwa usalama wao".

Mama Utete

Marahaba. Na hiyo alama ya kunukuu uliyoweka iache hapo hapo.

Mchele Mpya

Wakati huo Dodoma yetu inasoma uzi huu kimya kimya, mji mkuu usio na mto, tunategemea visima vya Mzakwe.

Mzalendo Mkavu

Na Nairobi je? Ule mto wao ukiuona kipindi cha kiangazi unaweza kuuruka.

Kasia Mbili

Nairobi inanisaidia kuliko mnavyodhani. Badilisheni mtumbwi muweke treni. Reli kutoka Mombasa ilifika pale mwaka 1899, na mbele yake kulikuwa na mpando, kisha mteremko mkali wa Bonde la Ufa. Kabla ya kuukabili, wahandisi walihitaji tambarare yenye maji ya kuweka karakana, vipuri na watu. Chombo kikagoma, mzigo ukashuka, mji ukaanza. Serikali ikafuata baadaye kidogo, mwaka 1905. Mto ulikuwa wa kujaza injini za mvuke tu. Dodoma ni uamuzi wa kisiasa wa mwaka 1973, kuwa katikati ya nchi. Hiyo ni familia nyingine ya miji, tuiache na uzi wake.

Mtoto wa Boyoma

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa Kisangani, huwa nasoma tu bila kuandika, leo nimeshindwa kunyamaza. Mleta uzi amesema mji mkuu unazaliwa pale mto unapogoma. Kwetu mto unagoma kweli kweli, na hatujawahi kuwa mji mkuu wa kudumu!

Meli ya Kinshasa inaishia kwetu. Juu yetu ni maporomoko saba ya Boyoma. Mzigo ukishuka unapanda treni hadi Ubundu, kilomita 125, huko unaingia tena majini hadi Kindu, halafu treni tena. Kila kituo kina ghala, kina wachukuzi, kina forodha, kina wanaotafuta chao. Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa Zanzibar, aliwekwa kuwa gavana wa hapa mwaka 1887, akamtumikia mfalme wa Ubelgiji huku Kiswahili kikishuka na watu wake mpaka kwetu, ndiyo maana nawaandikia bila tabu. Lakini kiti cha enzi hakikukaa hapa. Kilienda kwenye kizuizi cha mwisho, kile kinachotazama bahari. Anayekaa pale anaweza kutuziba sisi wote wa juu kwa kufunga mlango mmoja. Mimi nikimziba, namziba aliye juu yangu tu, wa Kindu na wa Ubundu.

Kwa hiyo kanuni iongezee neno: kizuizi cha mwisho.

Na katika kitabu chako usisahau Wagenia. Wao wanasimamisha magogo makubwa katikati ya mkondo, kwenye mashimo ya mwamba, wanayafunga kwa kamba za msituni, wanatundika vikapu vikubwa vya umbo la faneli, mdomo wazi kuelekea maji. Mkondo wenyewe unasukuma samaki ndani na unamkatalia kurudi. Kila familia inajua nguzo zake. Penye kelele za maji, ambapo mfanyabiashara analia boti haipiti, mvuvi anasema asante.

Bin Safari

Kizuizi cha mwisho. Mleta uzi, huyu ndugu amekuzidi.

Kasia Mbili

Amenizidi, na namshukuru. Hiyo inaniongezea mji wa pili kitabuni: mji wa juu, mkubwa karibu sawa na Mwambi, wenye samaki wengi zaidi na kinyongo cha vizazi. Bamako nayo inakaa vizuri kwenye hesabu hii. Iko kwenye miamba ya mto Niger, boti kubwa za kuelekea Mopti na Gao zinaanzia Koulikoro, chini yake, na reli kutoka upande wa bahari iliifikia mwaka 1904. Bangui nayo iko chini ya miamba ya Ubangi.

Fundi Kingo

Naingia na jambo dogo la kiufundi. Bandari yako umeiweka kwenye kona ya mto, upande gani? Kwenye kona, upande wa nje maji yanakwenda kasi na kina ni kirefu, meli inaegesha vizuri, lakini mto unakula ukingo. Upande wa ndani ni mchanga unajilundika, hakuna kina, ila ardhi inaongezeka. Kwa hiyo gati la upande wa nje linataka mawe na miti ya kushikilia kila mwaka, na gati la ndani baada ya miaka hamsini liko nchi kavu. Hapo Cairo ulipopataja, mto ulisogea magharibi, bandari ikahamia Bulaq. Mtaa wenye jina la bandari ukiwa mbali na maji ni kitu cha kawaida kabisa.

Kasia Mbili

Upande wa nje, kwa sababu nataka wafungwa wa kupanga mawe. Na mtaa wa zamani wa mabaharia utakuwa ndani kabisa, hakuna anayekumbuka kwa nini unaitwa hivyo. Asante fundi.

Mrembo wa Beach

Mmesahau ng'ambo! Kinshasa na Brazzaville zinatazamana, miji mikuu miwili, unaona taa za wenzako. De Brazza, kwa niaba ya Wafaransa, alikubaliana na Makoko, mfalme wa Wateke, mwaka 1880, Stanley akaja kushika upande wa pili, basi soko moja la Wateke likakatwa na mpaka. Bangui inatazama Zongo, N'Djamena inatazama Kousseri. Hadithi ya mji mkuu wa mtoni usio na mtu ng'ambo ni nusu hadithi.

Na daraja hakuna mpaka leo kati ya Kinshasa na Brazzaville, ni kivuko. Watu wenye ulemavu wa miguu walikuwa wanapata nafuu ya nauli na ushuru pale Beach, gati la kivuko, hivyo biashara ya kuvusha mzigo ikawa yao. Baiskeli ya magurudumu matatu ya kusukumwa kwa mkono, imeundwa na mafundi wa mtaani, imepakiwa magunia mpaka mwenyewe humwoni, anasukumwa na vijana wawili watatu, na hao nao wanapita kama wasaidizi wake. Mtu aliyedhaniwa ni wa kuomba barabarani akawa ndiye tajiri anayeajiri wenye miguu. Kama kitabu chako kina kivuko, mpe kivuko mtu wa namna hiyo, usimpe mwanajeshi.

Dereva wa Nimule

Hii ya baiskeli nimeipenda. Mpakani kila sheria ya huruma ina mtu aliyeifanyia hesabu.

Mzalendo Mkavu

Kwa nini usiweke daraja tu? Nchi yako ni ya kubuni, saruji haikugharimu.

Kasia Mbili

Mzalendo, daraja litaua watu wengi kitabuni kuliko vita. Mwenye vivuko, wapiga makasia, mama wa uji anayeuza kwa wanaosubiri, karani wa forodha, jasusi anayehesabu wanaovuka, wote wanakula kwa sababu maji yapo na njia haipo. Kwa hiyo Mwambi ina mfalme anayetaka daraja na mji mzima usiotaka. Kongo yenyewe ina daraja kubwa la Matadi, la mwaka 1983, lakini hilo liko chini ya maporomoko, halikugusa tumbo la mtu wa Malebo.

Dada wa Beach, ng'ambo ya Mwambi naweka mji wa mfalme mwingine, wa ukoo ule ule. Wanaoana, wanazikana, na kila mmoja ana kipimo chake cha maji. Namba hazilingani kamwe. Msoma nguzo wetu ana pacha wake upande wa pili, wanaonana sokoni Ijumaa, wanakubaliana chini kwa chini ni namba ipi ya kweli.

Nimebakiza sura ya forodha. Mtoto wa Boyoma, na wengine mliokaa kwenye magati: mzigo wa samaki wa moshi ukifika umelowa njiani, ushuru unatozwa kwa uzito wa pale gatini au kwa hesabu ya vikapu? Nataka ugomvi wa kwanza wa kitabu uanzie hapo.

Mtoto wa Boyoma

Vikapu, ndugu yangu, vikapu. Ndiyo maana vikapu vya wanaokwenda mbali vinasukwa vikubwa kila mwaka.